Kwa Nini Mashine Pepe Haikioni Kifaa cha USB?

Miongoni mwa matatizo yanayowasumbua watumiaji wa kompyuta shuleni, lipo moja ambalo dalili zake hupotosha. Kifaa kimechomekwa, taa yake inawaka, wala waya haukukatika. Lakini programu iliyokusudiwa kukitumia yaonyesha kwamba hakuna kifaa chochote. Aghalabu mtumiaji hudhani kifaa kimeharibika, akakiweka kando au akatafuta fedha za kununua kingine. Ukweli ni kwamba mara nyingi kifaa ni kizima, na kilichokosekana ni idhini tu.

Mwenyeji na mgeni

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na umbo lake yenyewe. Ni programu inayoiga sehemu za kompyuta, yaani prosesa, kumbukumbu na diski, hata mfumo endeshi mwingine ukaweza kufanya kazi ndani yake kana kwamba umo katika kompyuta halisi. Kampuni ya IBM ilianza kuitumia fikra hiyo katika kompyuta zake kubwa miaka ya 1960. Siku hizi programu kama VirtualBox hufanya kazi hiyo hata katika kompyuta ya mezani. Mfumo unaoendesha kompyuta halisi huitwa mwenyeji. Ule uliomo ndani ya mashine pepe huitwa mgeni.

Chukua mfano wa shule ambayo kompyuta yake hutumia mfumo wa Linux. Mwalimu wa biolojia anayo hadubini yenye kamera, lakini programu ya hadubini hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows pekee. Si lazima inunuliwe kompyuta ya pili, kwani Windows yaweza kuwekwa ndani ya VirtualBox. Hata hivyo, waya wa hadubini umechomekwa kwa mwenyeji, wala si kwa mgeni. Ili picha zimfikie mgeni, sharti mwenyeji akubali kukiachilia kifaa hicho. Hapo ndipo penye kizuizi.

Bawabu wa Linux

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilifuata desturi za mfumo wa Unix, ambao ulianza kutengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969. Kwa desturi hizo, vifaa vingi huwakilishwa na mafaili, na kila faili lina mmiliki wake, kundi lake, na kanuni inayoeleza nani aweza kulisoma na nani aweza kuliandika. Kifaa cha USB kikichomekwa hupewa faili katika saraka ya /dev/bus/usb. Kwa kawaida mtumiaji asiye msimamizi huruhusiwa kulisoma faili hilo, yaani kutambua kwamba kifaa kipo. Lakini haruhusiwi kuliandika, yaani kukiamuru kifaa. Ndiyo sababu kifaa huonekana, lakini hakitumiki.

VirtualBox inapowekwa katika Linux, huundwa kundi la watumiaji liitwalo vboxusers. Waliomo katika kundi hilo hupata idhini ya kumkabidhi mgeni vifaa vya USB. Wasiomo huikuta orodha ya vifaa ikiwa tupu.

Uchunguzi kwa utaratibu

Kama ilivyo katika jaribio lolote la kisayansi, hapana budi kuchunguza jambo moja baada ya jingine.

Kwanza, huandikwa amri lsusb katika kompyuta mwenyeji. Kifaa kisipoorodheshwa, kasoro imo katika waya, tundu au kifaa chenyewe, na hakuna idhini itakayoiponya.

Pili, huandikwa amri id, ambayo hutaja makundi ya mtumiaji. Ikiwa vboxusers haimo, msimamizi wa kompyuta huandika sudo usermod -aG vboxusers, kisha jina la mtumiaji. Herufi a katika amri hiyo ina uzito mkubwa: maana yake ni kuongeza. Ikisahauliwa, mtumiaji huondolewa katika makundi mengine yote ya ziada aliyokuwamo, na pengine kupoteza hata uwezo wa usimamizi.

Tatu, mtumiaji hufunga kikao chake na kuingia upya, au kompyuta huzimwa na kuwashwa. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Makundi ya mtumiaji husomwa anapoingia. Programu zilizokwisha kufunguliwa huendelea kubeba orodha ya zamani, hata kama daftari limekwisha kubadilishwa.

Nne, huangaliwa kama mashine pepe imepewa kidhibiti cha USB kinacholingana na kifaa. Kabla ya toleo la 7.0 la VirtualBox, lililotolewa Oktoba 2022, vidhibiti vya USB 2.0 na 3.0 vilihitaji kifurushi cha nyongeza. Tangu toleo hilo vimo katika programu yenyewe.

Njia ya mkato na hatari zake

Wako wanaoona utaratibu huu ni mrefu, wakaamua kuiendesha VirtualBox kwa mamlaka ya msimamizi, au kuyafungua mafaili ya vifaa kwa kila mtu. Kifaa hufanya kazi, lakini bawabu ameondolewa. Katika kompyuta inayotumiwa na wanafunzi wengi, na pengine yenye alama za mitihani, programu yoyote mbovu hupata njia ya kuviamuru vifaa vilivyochomekwa, ikiwamo diski yenye kazi za mwalimu.

Ipo hatari nyingine. Mifumo miwili ikiandika kwa wakati mmoja katika diski moja, kila mmoja hufuata hesabu zake bila kujua za mwenzake, na mafaili huharibika. Kwa hiyo flashi iliyofunguliwa na mwenyeji hufungwa kwanza ipasavyo, ndipo akabidhiwe mgeni. Na mgeni naye huifunga kabla ya kuirudisha.

Kizuizi cha idhini, basi, si ubovu wa kompyuta. Mwalimu anayeelewa mahali kilipo na sababu ya kuwekwa kwake atamfungulia mlango yule anayestahili, na hadubini itarudi katika somo bila ya shule kutumia hata senti moja.