Mwanasaikolojia ni kama kocha, asipokufaa unatafuta mwingine

SEPTEMBA 8, 2023 pale Belem, Brazil iliichapa Bolivia mabao 5-1. Siku kama hiyo straika wa Brazil anatakiwa acheke hadi jino la mwisho. Richarlison alitolewa kipindi cha pili, akaenda kukaa benchi, kamera zikamnasa analia.

Siku chache baadaye akasema akirudi Uingereza atatafuta msaada wa mwanasaikolojia. Mwaka 2024, kwenye mahojiano na ESPN Brasil, alisema mtaalamu huyo ndiye aliyemuokoa maisha. Akakiri pia kwamba zamani mambo hayo aliyaona ya kipuuzi, ya watu vichaa.

Mashabiki wengi stori wanaishia hapo. Jamaa alilia, akaenda kwa mtaalamu, akapona. Kumbe katikati kuna kazi moja ngumu ambayo haizungumzwi sana vijiweni: kumpata mtaalamu anayekufaa wewe. Siyo anayemfaa mwenzako, wala mwenye jina kubwa kuliko wote mjini.

Na usidhani hii ni ishu ya wachache. Utafiti wa FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa duniani, uliotoka mwaka 2015 ulionyesha asilimia 38 ya wachezaji waliohojiwa ambao bado wanacheza walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliopitiliza. Waliowahi kuumia vibaya mara tatu au zaidi walikuwa kwenye hatari mara mbili hadi nne ya wengine. Chukua kikosi cha wachezaji 25 unachokishangilia wewe, kisha piga hesabu mwenyewe.

CV PEKEE HAITOSHI

Shabiki wa soka analijua hili kuliko mtu yeyote. Klabu inaleta kocha mwenye makombe kabatini, anapokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na vuvuzela, miezi mitatu baadaye anafungasha. Ualimu wake ni uleule, ila yeye na wachezaji wale hawakuivana.

Kwa wataalamu wa akili ni vilevile. Daktari Steve Peters alijizolea sifa kwenye timu ya baiskeli ya Uingereza, ambako bingwa wa Olimpiki Chris Hoy alimsifu hadharani. Steven Gerrard wa Liverpool naye alimkubali sana. Mwaka 2014 England ikaenda naye Kombe la Dunia kule Brazil. Ikashika mkia kwenye kundi lake ikiwa na pointi moja. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema Peters ndiye aliyewafungisha. Ila mtaalamu aliyemfaa Gerrard hawezi kugawiwa kikosi kizima kama jezi.

Sasa unajuaje kwamba huyu ananifaa? Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, aliandika kwamba ushirikiano wa mtaalamu na mteja wake unasimama kwenye mambo matatu: mnakubaliana lengo, mnakubaliana njia ya kulifikia, na mnaaminiana. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa ushirikiano huo ukiwa mzuri, mteja ana nafasi kubwa zaidi ya kupata nafuu, hata kama wataalamu wanatumia mbinu tofauti.

Tuliweke kibongo. Beki aliyevunjika mguu anataka kulala usiku bila kuiota ile rafu. Mtaalamu yeye kila wiki anataka waongelee ndoa ya wazazi wake. Huenda kuna sababu nzuri ya kuanzia huko, lakini mchezaji hajaelezwa sababu hiyo na wala hajaikubali. Hapo lengo limeshapishana, na akikaa kimya anapoteza muda na pesa yake.

HUYU ANAMFANYIA KAZI NANI?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mchezaji anapaswa kuuliza, na wengi hawaulizi. Mwanasaikolojia wa timu na mwanasaikolojia wako binafsi hawafanyi kazi ileile.

Kombe la Dunia 2014 Brazil waliitoa Chile kwa matuta huku wachezaji kadhaa wakibubujikwa machozi. Kocha Luiz Felipe Scolari akamwita mwanasaikolojia Regina Brandao kambini kabla ya robo fainali na Colombia. Kazi yake ilikuwa kukiweka kikosi sawa kwa ajili ya mechi inayofuata. Ni kazi halali na muhimu. Lakini mchezaji mwenye jeraha la moyoni la miaka 10 haliwezi kumalizwa kwenye kambi ya siku tano, tena na mtu aliyeitwa na kocha.

Kwa hiyo uliza mapema, bila aibu: nikikwambia jambo, nani mwingine atalijua? Kocha? Meneja? Daktari wa timu? Mtaalamu wa kweli atakujibu moja kwa moja, na atakutajia pia mipaka ya siri hiyo, kwa mfano akiona maisha yako yako hatarini. Akianza kujiumauma, shika njia.

Kwa nini siri ni kubwa hivyo? Mkumbuke Robert Enke, kipa wa Hannover 96 na timu ya taifa ya Ujerumani. Alikuwa na daktari wake wa akili kwa miaka kadhaa, ila aliuficha ugonjwa wake kwa sababu aliogopa kupoteza kila kitu ukijulikana. Novemba 10, 2009 alijitoa uhai akiwa na miaka 32. Katika barua aliyoacha aliwaomba radhi familia na waliokuwa wakimtibu kwa kuwaficha hali yake halisi. Hakuna wa kulaumiwa pale, ugonjwa huo ni mkali. Lakini tunajifunza jambo moja: mtaalamu, hata awe bingwa kiasi gani, anatibu kile anachoambiwa. Yule anayekufaa ni yule ambaye mbele yake unaweza kusema ukweli wote.

WAPI PA KUANZIA

Kwanza tofautisha vyeo. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba na mshauri nasaha wao silaha yao kubwa ni mazungumzo. Ukienda kwa daktari wa akili, mwambie mapema kwamba unacheza mashindano, maana kuna dawa za akili zilizomo kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizokatazwa michezoni. Na usiache dawa uliyopewa kwa kujiamulia, rudi muongee.

Pili, mlango. Danny Rose alipokuwa Tottenham, akiwa na goti bovu na sonona, daktari wa klabu ndiye aliyemwelekeza kwa mwanasaikolojia. Huku kwetu klabu nyingi hazina huduma hiyo, lakini hospitali kubwa zinayo: Muhimbili pale Dar es Salaam, Mirembe kule Dodoma, Mathari jijini Nairobi. Ukiogopa kuonekana, ulizia mshauri wa nje ya mji unaochezea au anayehudumia kwa simu. Omba kuona vyeti vyake. Matapeli wapo, kama walivyo mawakala feki.

Tatu, lugha. Ligi zetu zimejaa Wakongo, Waghana na watu wa Ivory Coast. Mtu aliyezoea kulia kwa Kilingala hawezi kufunguka kwa Kiingereza cha kuombea maji. Hata kwa mzawa, uliza kama mtaalamu yuko tayari muongee Kiswahili cha mtaani. Wapo wanaojisikia huru kwa mwanamke, wengine kwa mwanaume, wengine kwa mtu wa dini yao. Hayo siyo madoido. Ni sehemu ya kuaminiana.

Nne, mpe muda, lakini usimpe msimu mzima. Kikao cha kwanza wengi hutoka wamechoka au wana aibu, hiyo ni kawaida. Baada ya vikao vitatu au vinne jiulize: ananisikiliza au ananihubiria? Najua tunaelekea wapi? Kuna jambo namficha kwa sababu namuogopa yeye? Majibu yakiwa mabaya, mwambie. Mtaalamu mzuri hatanuna. Atabadili njia au atakuelekeza kwa mwenzake. Ila ukifika mahali unawaza kujidhuru, mambo ya kuchagua yaache kwanza, nenda hospitali ya karibu siku hiyohiyo na uongozane na mtu unayemwamini.

Huku kwetu straika akikaa mechi nane bila bao, watu hukimbilia kuuliza kamati ya ufundi inafanya nini, na kila shabiki anajua kamati hiyo ni ipi. Pesa za kafara hupatikana haraka tu. Za vikao vinne vya mwanasaikolojia, klabu inasema bajeti imebana.

Na sisi majukwaani tuna sehemu yetu. Mchezaji akionekana anatoka kliniki ya akili, kesho yake anaitwa kichaa kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwenzake aliyekuwa anajipanga kwenda anaghairi. Kocha akibadilishwa mara tatu kwa msimu tunaona ni soka. Basi mchezaji akisema mtaalamu wa kwanza hakumfaa na anamtafuta wa pili, tumuache atafute.