Seremala wa Pemba Aendapo Sabasaba

Seremala wa Pemba aliyeweka akiba fedha zake za karafuu, naye ataka kufungua karakana ndogo uani kwake, ana sababu ya kungojea Sabasaba. Maonyesho hayo hufanyika Dar es Salaam kila mwaka, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, katika uwanja wa Mwalimu J.K. Nyerere kando ya Barabara ya Kilwa. Jina lake latokana na tarehe 7 Julai, siku kilipoanzishwa chama cha TANU mwaka 1954. Huko ataona vyombo vingi vya useremala mahali pamoja, na kuvishika kwa mkono wake. Lakini safari si fupi. Ni meli kutoka Mkoani hadi Unguja, na nyingine hadi Dar es Salaam, na nauli imekwisha kula sehemu ya akiba kabla hajagusa hata patasi moja.

Basi, ndugu msomaji, kama wewe ndiwe msafiri huyo, tia kipande cha mfenesi mkobani mwako. Mwuzaji akuonyeshapo randa yake, mara nyingi hupiga ubao wa msonobari, na maranda humwagika kama hariri. Ubao laini namna hiyo hausemi kweli. Mpe mfenesi wako, mti tunaoutumia kwa milango na vitanda, kisha utazame.

Randa igeuze juu chini, weka rula ya chuma juu ya uso wake, uinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, uso umepinda. Patasi ijaribu kwa tupa ndogo, baada ya kuomba ruhusa ya mwenyewe: pitisha tupa taratibu karibu na makali. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikila kwa urahisi, patasi hiyo itakutaka kwenye kinoo kila saa.

Msumeno ndio huwadanganya wengi. Siku hizi misumeno mingi ina meno yaliyochomwa yakawa magumu mno, nayo huonekana meusi au ya samawati kwenye ncha. Hukata vizuri ajabu ukiwa mpya. Lakini meno yakifa, tupa haiyawezi, na msumeno wenyewe ni wa kutupwa. Ule wa zamani, wenye meno ya rangi moja na bapa lake, waweza kuunoa kwa tupa ya pembe tatu miaka na miaka, hapo hapo Wete au Kengeja. Mimi ningeuchukua huo, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Na mashine za umeme je? Zamani Pemba ilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2010 waya ulilazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na tangu hapo fundi wa kisiwani aweza kufikiria drili au randa ya umeme bila kuchekwa. Soma kwanza kibandiko cha mashine. Umeme wetu ni volti 230, na mashine iliyotumika Japani yataka volti 100 tu. Ukiichomeka hivi hivi itaungua. Uliza pia vile vipande vidogo vya makaa vilivyo ndani ya mota, ambavyo mafundi huviita kaboni. Huisha kama soli ya kiatu. Kama mwuzaji hana vya akiba, utavipata wapi ukiwa Micheweni?

Mama wa nyumbani naye ana haki ya kujua, kabla meli haijaondoka, ni kiasi gani kitatumika na kiasi gani kitarudi. Fedha hizo ndizo ada za watoto na unga wa mwezi ujao. Andikeni pamoja orodha fupi: msumeno, randa, patasi tatu, nyundo, skwea, kinoo. Drili ingoje kitanda cha kwanza kiuzwe.

Wakati wa kurudi, paka kila chuma mafuta ya cherehani na ukifunge kwa kitambaa, kisha plastiki juu yake. Mawimbi ya mkondo wa Pemba hurusha maji ya chumvi, na kutu haingojei mtu kufika nyumbani.