Kusaini karatasi ya mahudhurio si kushirikishwa



Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa mkutanoni hapa Matondoni kuhusu mradi ambao ungegusa bahari yetu. Tangazo lilitufikia jana yake alasiri. Asubuhi ya mkutano wavuvi walikuwa baharini na mafundi wa majahazi walikuwa kazini. Akina mama wasukaji mikeka walikaa nyuma, na hakuna aliyewauliza lolote. Tulisomewa maelezo kwa Kiingereza, tukapewa soda, tukasaini karatasi. Baadaye nilisikia kuwa sisi tuliosaini tumehesabiwa kama wananchi walioshirikishwa.

Je, sheria yasema hivyo? La. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, imeweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zikafafanua zaidi: mabango yabandikwe, matangazo yatolewe gazetini na redioni, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watakaoathirika. Taarifa itolewe angalau wiki moja kabla, mahali na saa ziwafae wenyeji, na maoni yaandikwe, hata yale ya mdomo.

Tuna ushahidi wa karibu kwamba haya si maneno matupu. Mwaka 2016 NEMA iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi. Shirika la Save Lamu na wakaazi wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo. Mnamo Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, ikaitupa rufaa ya kampuni.

Hapa ndipo penye funzo. Mikutano ilikuwepo. Lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya ripoti ya athari kukamilika. Ripoti ilipotoka, wananchi hawakurudiwa ipasavyo. Mtu atatoaje maoni kuhusu moshi, majivu na maji ya moto ikiwa hajaelezwa habari zake?

Sipingi maendeleo, vijana wetu wanahitaji kazi. Ninachosema ni kwamba sisi Waislamu tunaijua shura, na shura ni kuulizana kabla ya jambo kuamuliwa. Ukiulizwa baada ya uamuzi, hapo umepewa habari tu.

Basi, ukiitwa mkutanoni, uliza mambo matatu. Ripoti iko wapi, na imeelezwa kwa Kiswahili? Nani anaandika maoni yetu? Wavuvi, akina mama na vijana watasikizwa lini? Ukisaini, andika kando kwamba umehudhuria tu, kisha uipige picha karatasi hiyo. Na leseni ikitolewa bila ya haki, kumbuka kuwa sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa. Zikipita, mlango huo ni mgumu kufunguka.

Wazee wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi siku ile nilikuwepo, na langu halikuwepo, kwa sababu nilinyamaza. Mkutano ujao sitanyamaza, inshaallah, nawe usinyamaze.