UGOMVI WA SAMAKI WA MAWE KATIKA MATANGI YA NYUMBANI

Wananchi wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo wanaarifiwa kwamba samaki anayekutwa amekufa asubuhi, mapezi yake yamechanika na magamba yamebanduka ubavuni, huenda hakupatwa na maradhi yoyote. Ameuawa na mwenzake. Dawa za dukani hazitamsaidia atakayefuata, na kununua samaki mwingine mmoja ili kujaza nafasi ya marehemu ni kumpeleka mgeni huyo kwenye adhabu ile ile.

Mfano ulio wazi wa jambo hili unapatikana mbali na bahari, katika mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Mkoa wa Ruvuma. Mwambao huo, wenye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012. Wavuvi wa huko hutafuta usipa na mbasa, na samaki wadogo wenye rangi za kung'aa wanaoishi kwenye mawe hawana thamani kubwa chunguni. Hata hivyo ndio waliolipatia ziwa hilo jina katika nyumba za watu Ulaya, Marekani na Asia. Wanajulikana duniani kote kwa jina la mbuna, lililotoka upande wa Malawi.

Mbuna wengi hula ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe. Jiwe ni shamba lake, na dume aliyekomaa hulilinda shamba hilo kwa sababu ndilo linalomlisha na ndipo majike watakapokuja kutaga. Hamfukuzi kila apitaye. Humfukuza zaidi dume wa aina yake, kisha yeyote anayefanana naye kwa rangi na michirizi. Katika ziwa, ugomvi huo ni wa muda mfupi: mshindwa huogelea hatua chache, huingia nyuma ya jiwe jingine, na mshindi hurudi kula. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 29,600, na nafasi ya kukimbilia haikosekani. Katika tangi, mshindwa hukimbia hadi kwenye kioo, akabaki hapo mbele ya macho ya adui yake. Dume naye, kwa kuwa bado anamwona, huendelea kumpiga. Ukali wa samaki ni ule ule wa ziwani; kilichoondolewa ni njia ya kutokea.

Samaki anayewashinda wafugaji wengi ni yule aliyepewa jina la kitaalamu Pseudotropheus demasoni na Ad Konings mwaka 1994, kwa heshima ya mfanyabiashara wa samaki wa Marekani, Laif DeMason. Tangu mwaka 2016 wataalamu wanamweka katika kundi la Chindongo. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 8, rangi yake ni buluu yenye mistari myeusi ya wima, na dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Anafahamika kutoka miamba ya Pombo na Ndumbi, katika mwambao huu wa Tanzania. Kwa umbo ni mdogo, lakini akiwekwa pamoja na wenzake watatu au wanne, baada ya wiki chache hubaki mmoja.

Dawa yake huwashangaza wanaoisikia kwa mara ya kwanza, nayo ni kuongeza idadi. Wafugaji wenye uzoefu huweka kundi la samaki 12 au zaidi, walionunuliwa pamoja wakiwa bado wadogo. Katika kundi la namna hiyo mkali hawezi kumwandama mmoja peke yake. Akianza kumfukuza huyu, mwingine hukatiza njia, na kipigo ambacho kingemwua mmoja hugawanyika kwa wengi. Kwa mbuna wa aina nyingine ambao jinsia zao hutambulika, inashauriwa dume mmoja awe na majike watatu au zaidi, kwa sababu hiyo hiyo ya kugawa usumbufu.

Shauri hilo lina gharama, na anayelifuata nusu huumia zaidi kuliko asiyelifuata kabisa. Samaki wengi huchafua maji haraka. Tangi liwe na urefu usiopungua sentimita 120, kwani kwa samaki wa mawe urefu wa sakafu una manufaa kuliko kina cha maji. Chujio liwe na nguvu ya kutosha, na kiasi cha robo ya maji kibadilishwe kila wiki. Maji yawe baridi, yenye joto la nyuzi 24 hadi 28, na yaelekee upande wa magadi badala ya asidi, kama yalivyo ya ziwa lenyewe. Chakula kiwe zaidi cha majani na mwani; nyama ya mnyama huwavimbisha matumbo na kuwaua.

Mawe nayo yapangwe kwa uangalifu. Yatangulie kuwekwa juu ya sakafu ya tangi, yakitenganishwa na kioo kwa kipande cha plastiki, ndipo mchanga umiminwe kuyazunguka. Mbuna huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga huanguka na kupasua kioo. Mapango yawe mengi kuliko idadi ya madume, na kila pango liwe na milango miwili, maana pango lenye mlango mmoja ni mtego kwa anayekimbizwa. Rundo la mawe lipande karibu na uso wa maji ili samaki aliye upande huu asimwone wa upande ule. Tangi lenye jiwe moja zuri katikati na mchanga mweupe pembeni hupendeza macho ya wageni sebuleni, lakini kwa samaki lina bwana mmoja na wakimbizi wengi.

Inapolazimu kuongeza wageni, waingizwe kadhaa kwa pamoja. Kwanza wenyeji walishwe, mawe yapangwe upya ili kila mmoja apoteze mipaka yake, kisha taa izimwe hadi siku ya pili. Mkali akizidi, yeye ndiye atolewe na kuwekwa katika chombo kingine kwa wiki moja au mbili. Wengi hufanya kinyume, wakamtoa aliyepigwa. Kesho yake mkali huchagua mwingine. Dalili za mapema ni samaki kujibanza kwenye kona ya juu, kupauka rangi na kutokuja kwenye chakula. Aidha, samaki wa buluu wenye mistari wa aina nyingine wasichanganywe na wale wa Pombo. Wale wa manjano, kama Labidochromis caeruleus, huvumiliwa kwa urahisi zaidi.

Wafugaji wa samaki wa bahari wasilichukue lote hili kama lilivyo. Samaki wadogo wa matumbawe nao hugombania maeneo, na maficho mengi pamoja na kupanga upya mawe huwafaa vile vile. Lakini kujaza tangi la maji ya chumvi ili kugawa ugomvi ni hatari, kwa kuwa maji hayo hushika hewa kidogo na viumbe wake huathirika upesi na uchafu. Humo kanuni bora ni kumwingiza mkali mwisho, wapole wakiwa wamekwisha kupata makazi.

Jike wa mbuna anahitaji uangalizi wa peke yake. Baada ya kutaga huyaokota mayai na kuyalea kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi, na katika siku hizo hali chakula, au hula kidogo mno. Akifukuzwa huyatema au huyameza, na mwenyewe hudhoofu. Anayeonekana kidevu kimejaa na mdomo umefumbwa ahamishwe taratibu, taa ikiwa imezimwa, mpaka atakapowaachia watoto; kisha apewe siku chache za kula kabla ya kurudishwa.

Watoto wa kundi lenye afya huwa wengi kuliko nafasi iliyopo. Wagawiwe kwa wafugaji wengine, wala wasimwagwe mtoni, ziwani wala baharini. Katika kisiwa cha Thumbi Magharibi nchini Malawi, mbuna wa sehemu nyingine waliachiliwa na wafanyabiashara, wakaenea, na baadhi yao wakazaana na wenyeji wa mawe yale. Kwa samaki ambaye makao yake ni miamba miwili, mchanganyiko kama huo hauwezi kutenguliwa. Anayekusudia kuvua au kusafirisha mbuna kutoka mwambao wa Ruvuma apate kwanza leseni ya Idara ya Uvuvi ya Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.