Usimuue Kiwavi wa Mlimau

Masika yakiisha tu, swali linarudi: nipande maua gani nipate vipepeo, na ninyunyize nini kuwaua viwavi wanaomaliza mlimau wangu? Nimechoka kulijibu kwa upole. Anayeuliza hivyo anataka kuua watoto wa wale wale anaowatafuta.

Kiwavi mdogo anayefanana na kinyesi cha ndege, ambaye akikua huwa kijani na akiguswa huchomoza vijipembe vyenye harufu kali, ni mtoto wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Hawashi, wala hauui mlimau uliokomaa. Majani huchipua tena. Asili yake ni Afrika, na porini hula mimea ya ukoo wa mlimau kama mjavikali.

Hapo huambiwa: "Lakini mimi situmii sumu, natumia mwarobaini, dawa ya asili." Huu ndio uongo unaoniudhi kuliko yote. Azadiraktini iliyo katika mbegu za mwarobaini huvuruga homoni ambazo kiwavi huzitegemea kujivua ngozi. Hafi papo hapo: huacha kula, hukwama ndani ya ngozi yake, kisha hufa. Mwenye kabichi ana haki ya kuitumia, kwa sababu hiyo hiyo. Wewe unayetaka vipepeo huna. Dawa haichagui kiwavi, na kutoka mtini hakuifanyi iwe na huruma. Wengine hunyunyiza mafuta ya taa; hayo ndiyo mabaya zaidi, maana yanaunguza hata majani unayodai kuyaokoa.

Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wakulima wa mradi wa Kipepeo wamefuga viwavi tangu 1993 na kuuza pupa ng'ambo. Kwao jani lililoliwa ni mapato.

Basi fanya hivi. Mche ungali mchanga, okota viwavi kwa mkono uwahamishie mti mkubwa. Panda pentasi penye jua, kwa makundi: ni ya Afrika Mashariki, huishi miaka, na ukiimwagilia huendelea kutoa maua mvua zikishakatika. Ongeza leonotisi na venonia. Acha kona ya magugu ya jamii ya Asclepias, yenye utomvu mweupe, kwa viwavi wa kipepeo Danaus chrysippus. Lantana usipande; imetoka Amerika, huvamia malisho na kudhuru ng'ombe. Maji ya sukari ya kuwalisha vipepeo hayahitajiki. Na bomba la dawa, hata likiwa na mwarobaini mtupu, lisifike hapo.