Safari ya Karakana: Treni za Chini ya Ardhi Juu ya Reli Kuu

Katika miaka ya 2010, abiria waliokuwa wakisubiri usafiri kwenye stesheni za kati ya Derby na London waliweza kuona jambo lisilo la kawaida. Vichwa vya dizeli vya aina ya Class 20, vilivyoundwa kati ya mwaka 1957 na 1968, vilipita mbele yao vikivuta treni mpya kabisa yenye milango myekundu, taa zimezimwa na viti vyote vitupu. Ilikuwa treni ya chini ya ardhi ya London, ya aina ya S, iliyotoka kiwandani Derby. Zilitengenezwa zaidi ya mabehewa 1,400 ya aina hiyo, na takriban yote yaliingia mjini kwa kuvutwa na wazee hao wa dizeli.

Je, wajua kwamba treni hiyo, yenye mota za kuifikisha kilomita 100 kwa saa, isingeweza kujisogeza hata mita moja kwenye reli zile?

Sababu iko kwenye umeme. Njia ya chini ya ardhi ya London ina reli nne. Mbili hubeba magurudumu. Ya tatu, iliyoko pembeni, ina volti 420 chanya, na ya nne, iliyolala katikati, ina volti 210 hasi. Tofauti baina yake ni volti 630, na hiyo ndiyo inayozungusha mota, ingawa sehemu kadhaa za mtandao sasa zimepandishwa hadi 750. Mfumo huu uliteuliwa ili umeme unaorudi usipitie reli za magurudumu, maana ukipita huko huvuja kwenye kuta za chuma za mahandaki na mabomba ya jirani, ukayatafuna taratibu. Reli kuu za Uingereza kwa kawaida hazina reli ya nne. Kusini mwa nchi umeme hutoka kwenye reli ya tatu peke yake, kwingine hutoka kwenye waya wa juu wenye volti 25,000, na sehemu nyingi hazina umeme kabisa. Kwa hiyo treni ya mjini ikivuka mpaka na kuingia reli kuu inageuka kuwa mzigo, na mzigo wenyewe ni mgumu kuubeba.

Lakini kuna jambo moja linaloiwezesha safari hii, na watu wengi hulipita bila kulitazama: upana wa reli. Treni za chini ya ardhi za London hutembea kwenye reli zenye upana wa milimita 1,435, sawasawa na reli kuu za Uingereza, na kwa bahati sawasawa na SGR ya Mombasa hadi Nairobi na ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Msomaji wa Tanzania anaujua uzito wa jambo hili bila kuambiwa. Reli ya zamani ya kati ina milimita 1,000 na TAZARA ina 1,067. Milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja, zinatosha kulifanya behewa la huku lishindwe kwenda kule, na ndiyo maana pale Kidatu mizigo hupakuliwa upande mmoja na kupakiwa upande wa pili.

Glasgow, kule Scotland, iliuonja uchungu huo ndani ya mji mmoja. Reli yake ya chini ya ardhi ilifunguliwa Desemba 1896 ikiwa na upana wa milimita 1,219, ambao hakuna reli kuu ya jirani inayoutumia. Kibaya zaidi, kwa miaka zaidi ya 80 haikuwa na hata njia ya kupanda juu ya ardhi. Kila behewa lililohitaji fundi lilinyanyuliwa kwa winchi kupitia shimo la pale Govan na kutuliwa kwenye karakana iliyokuwa juu yake. Ni ukarabati mkubwa wa mfumo mzima, ulioifunga reli hiyo tangu 1977 hadi 1980, ndio ulioleta mteremko wa reli ambao mabehewa hupanda yenyewe.

London ilikuwa na bahati ya upana, lakini ilibaki na kazi ya maungio.

Tuanze na koplingi. Treni ya chini ya ardhi ina koplingi ya kujifunga yenyewe: pande mbili zikigusana, chuma, hewa na nyaya za umeme huungana kwa pigo moja. Kichwa cha reli kuu kina ndoano, mnyororo wa skrubu na bafa mbili, tena kwa kimo tofauti. Havishikani. Dawa yake ni behewa la katikati, ambalo upande mmoja lina vifaa vya reli kuu na upande wa pili vifaa vya treni ya mjini. Halibebi kitu. Kazi yake ni kuunganisha tu, na bila hilo msafara hauondoki. Mara nyingi huwa moja mbele na moja nyuma, na wakati wa kuhamisha treni za aina ya S hata vichwa vyenyewe vilifungwa mbele na nyuma.

Breki ndizo zinazostahili hofu zaidi. Katika reli kuu, kichwa hutuma hewa ya shinikizo kwenye bomba linalopita behewa hadi behewa. Hewa ikipungua, kila gurudumu linabanwa, na hata msafara ukikatika vipande viwili, kila kipande husimama chenyewe. Treni za mjini za siku hizi huamrishwa breki zake kwa ishara za umeme, na umeme huo haupo njiani. Pale ambapo mifumo miwili haielewani, uzito wote wa kusimamisha msafara huangukia vichwa na yale mabehewa ya katikati. Hapo mwendo lazima uwe wa taratibu, na waongozaji wa njia wautafutie msafara nafasi ambayo hautazuia treni za abiria nyuma yake. Ni sawa na kuvuta gari lililozimika barabarani: anayevuta ndiye mwenye breki, na anayevutwa anamwamini.

Kisha kuna vitu vinavyoning'inia chini. Treni ya mjini huchukua umeme kwa viatu vya chuma vinavyosugua reli ya tatu na ya nne. Ikipita kusini mwa London viatu hivyo vikiwa mahali pake, vinaweza kugusa reli ya tatu yenye volti 750 na kuipa uhai treni ambayo mafundi wanaamini imezimwa. Huondolewa, au hufungwa visiguse kitu. Kuna pia mkono mdogo wa usalama karibu na gurudumu la mbele. Kwenye njia kadhaa za mjini, treni ikiipita taa nyekundu, kifaa kilichosimama kando ya reli huupiga mkono huo na breki hukamata papo hapo. Huko reli kuu, jiwe au chuma kilichozidi kimo kinaweza kuupiga vilevile bila sababu, kwa hiyo nao hutolewa kazini kabla ya safari.

Sioni kazi hii kuwa ya pembeni. Abiria anayekuta mlango unafunguka sawasawa saa mbili asubuhi anafaidi matunda ya safari hizi, maana behewa linalobeba umati wa watu kila siku kwa miaka 40 halidumu kwa kufagiwa tu. Linahitaji kuvuliwa hadi mifupa.

London ilijenga karakana yake kuu ya Acton, magharibi mwa mji, mwaka 1922, na kwa miongo mingi mabehewa yalikwenda huko kwa reli za mjini zenyewe. Treni ya Victoria ilipanda kupitia njia ya kuungana na Piccadilly pale Finsbury Park, na nyingine zilitumia viungo kama hicho vilivyofichika gizani, ambavyo abiria havioni kamwe. Ila usiku wa tarehe 18 Novemba 1987 moto ulizuka kwenye ngazi ya umeme ya mbao katika kituo cha King's Cross, na watu 31 wakafa. Uchunguzi uliofuata uliifanya London ivitazame upya vitu vyote vinavyoweza kushika moto au kutoa moshi wenye sumu, na mabehewa hayakuachwa nje. Katika miaka ya 1990 mamia yao yalifanyiwa upya kwa ndani: kuta, sakafu, viti, nyaya. Wingi huo ulitaka mikono na viwanda vya nje. Treni za Piccadilly za mwaka 1973 zilikwenda Horbury, huko Yorkshire. Za mzunguko wa Circle zilikwenda Doncaster, na za Metropolitan zilikwenda Derby. Zile za Victoria zilifika mbali kuliko zote, hadi bandari ya kijeshi ya Rosyth nchini Scotland, ambako mafundi waliozoea manowari walipewa mabehewa ya abiria wa London.

Lango kuu la kutokea siku hizi liko Ruislip, magharibi kabisa mwa mji, ambako bohari ya wahandisi wa reli ya chini ya ardhi imeungana na reli kuu ya kwenda Birmingham. Ukiitazama ramani, kiungo chenyewe ni kipande kifupi cha reli chenye kupinda. Umuhimu wake huonekana ukitazama njia ambayo haina kiungo cha namna hiyo.

Njia hiyo ni Waterloo & City. Ilifunguliwa Agosti 1898, ina vituo viwili tu, Waterloo na Bank, urefu wake ni kilomita mbili na nusu hivi, na inapita chini ya mto Thames. Hakuna mahali inapoungana na reli nyingine yoyote, wala haitokei juu ya ardhi. Waliojenga waliliona tatizo mapema wakaweka lifti ya nguvu ya maji ya kampuni ya Armstrong kando ya stesheni ya Waterloo. Behewa liliviringishwa juu yake, likapandishwa polepole hadi kwenye reli kuu, na kutoka hapo likavutwa kwenda karakana. Kwa miaka 90 lifti ile ilikuwa mlango pekee wa njia nzima.

Mlango huo ulikuwa na hatari zake. Aprili 1948 injini ya mvuke ya aina ya M7, yenye namba 672, ilitumbukia ndani ya shimo la lifti ikiwa kwenye kazi ya kupanga mabehewa. Kuitoa nzima kulishindikana. Ilikatwakatwa humohumo shimoni na kutolewa vipande.

Lifti iliondolewa kupisha ujenzi wa stesheni ya treni za kwenda Ufaransa kupitia handaki la chini ya bahari. Tangu hapo, treni za Waterloo & City, mabehewa 20 kwa jumla, huingia na kutoka kwa kreni kubwa inayosimama barabarani juu ya shimo. Behewa hufungwa mikanda, hunyanyuliwa na kushushwa juu ya trela. Mwaka 2006 njia nzima ilifungwa kwa miezi kadhaa ili kazi za namna hiyo zifanyike pamoja na ukarabati wa reli zake. Hebu fikiri gharama: kreni, trela, barabara kufungwa, na wafanyakazi wa City, moyo wa fedha wa Uingereza, kutafuta njia nyingine ya kwenda kazini. Yote hayo kwa kukosa kipande cha reli ya kuunganisha.

Kuna treni za London ambazo zilitoka na hazikurudi tena. Katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, handaki la Ryde lina dari fupi mno kwa treni za kawaida. Tangu 1967 kisiwa hicho kimetumia treni za chini ya ardhi zilizostaafu, kwa kuwa udogo wao, ambao London ni lazima, huko ukawa faida. Zile za mwaka 1938 zilifanyiwa upya Eastleigh, zikavushwa kwa feri, zikabeba abiria hadi tarehe 3 Januari 2021. Zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Zilizozirithi nazo zimejengwa upya kutokana na treni za zamani za njia ya District.

Sasa zamu ni ya Piccadilly. Siemens inatengeneza treni mpya 94, nyingi zikiunganishwa katika kiwanda cha Goole, mashariki mwa Yorkshire, na ya kwanza ilifika London mwaka 2024 kwa majaribio. Muundo wake unabadilisha hesabu ya karakana. Kila treni ina mabehewa tisa mafupi, na manne kati ya hayo hayana magurudumu: yameshikiliwa na majirani wa pande zote mbili. Huwezi kulichomoa behewa kama hilo na kulivuta peke yake, kwa sababu halina cha kusimamia. Ama treni nzima itoke kwa reli, ikiwa imeshikana kama ilivyo kazini, ama kila behewa lisilo na miguu liwekewe magurudumu ya kuazima kabla ya kusogezwa. Wahandisi watakaozitunza kwa miaka 40 ijayo watakitegemea kile kipande cha reli cha Ruislip kuliko waliowatangulia.