Kukaa Bure Kazini: Nani Hasa Analipia?

Wiki hii tunaacha kidogo bei za hisa na mazao, tugeukie bidhaa ambayo kila mfanyabiashara huinunua lakini ni wachache wanaoipima. Bidhaa hiyo ni saa za kazi za watu aliowaajiri.

Malalamiko ni ya siku zote. Mwenye duka anaingia ghafla na kukuta vijana wake wameuzunguka ubao wa drafti, kete zenyewe ni vizibo vya soda. Ofisini koti limetundikwa kwenye kiti, mwenye koti yuko kwenye mradi wake mjini. Zamani ilikuwa gazeti na chai ya saa nne. Mwaka 1990 Windows 3.0 ilikuja na mchezo wa karata ndani ya kompyuta. Leo ni simu, na wengi humo wanabashiri matokeo ya mechi za Ulaya.

Hata hivyo, kabla mwajiri hajamfukuza mtu, hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. La kwanza ni kungoja: mfanyakazi yuko tayari, lakini mteja, mali au umeme haujafika. La pili ni kutegea: kazi ipo, naye anaikwepa au anaivuta makusudi. Dawa ya moja haitibu jingine.

Mfano wa kungoja ni mgawo wa umeme wa mwaka 2006 hapa Tanzania, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme. Mchomeleaji wa mageti na mwenye mashine ya kusaga walikaa kivulini saa nyingi za mchana. Hakuna ukali wa tajiri ambao ungewasha mashine zile.

Kutegea nako kuna sababu zake, na mara nyingi sababu hizo zimo katika namna mtu anavyolipwa. Mmarekani Frederick Taylor aliliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1911. Alieleza kwamba vibarua huvuta kazi kwa sababu wanajua wakiongeza kasi, mwajiri atapunguza malipo ya kila kipimo. Katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, mwaka 1899, alidai kumwezesha kibarua kupakia tani 47.5 kwa siku badala ya 12.5, na malipo yakapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Msomaji mfanyabiashara atapiga hesabu mara moja: kazi iliongezeka karibu mara nne, malipo hayakufika hata mara mbili. Vibarua nao wanajua kupiga hesabu hiyo.

Kwa upande wetu, mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na utaratibu wake enzi za ukoloni. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na alikuwa na zaidi ya mwezi mmoja kuzikamilisha. Kila siku alipimiwa kazi yake, na akiimaliza mapema, muda uliobaki ulikuwa wake. Mwenye shamba hakununua saa, alinunua kazi iliyokwisha kufanyika.

Je, kila mtu alipwe kwa kipimo? Tazama daladala. Dereva hupeleka kwa mwenye gari hesabu ya siku, kinachozidi ni chake. Mtu huyo hategei. Lakini atakimbiza gari, atajaza abiria kupita kiasi, na breki na matairi ni ya mwenye gari. Gharama haikuondoka, imehamia gereji. Kadhalika, muuzaji wa duka hawezi kulipwa kwa kipimo peke yake, kwa kuwa kasi ya kazi yake inaamuliwa na mteja.

Serikalini hali ilikuwa na sura nyingine. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwalenga watu wasio na kazi mijini. Miaka hiyo hiyo, mishahara ya watumishi wengi ilikuwa haimalizi mwezi, hivyo wenye kazi nao waliziacha ofisi wakaenda kuangalia kuku na ng'ombe wa maziwa. Mshahara usiotosha hununua koti kwenye kiti.

Sasa tuje dukani. Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye wauzaji 4, kila mmoja akilipwa sh. 10,000 kwa siku ya saa 8. Kila mmoja akikaa bure saa 2, tajiri amelipa sh. 10,000 kwa siku bila kazi, yaani sh. 260,000 kwa mwezi wa siku 26. Kama faida yake ni sh. 10 katika kila sh. 100 za mauzo, anahitaji mauzo ya sh. 2,600,000 ili kuzirudisha.

Wengi wakifika hapa humpunguza muuzaji mmoja, kwani mshahara wake ni sh. 260,000 zile zile. Hapo ndipo hasara inapoanza. Kama saa hizo za bure ni za alasiri, na asubuhi mafundi wanapanga foleni, watatu waliobaki watazidiwa. Fundi hasubiri, huvuka barabara na kununua kwa jirani, na kesho haanzii kwako.

Njia iliyo salama ni daftari. Kwa wiki mbili andika wateja wangapi wanaingia kila saa. Wanaongoja, wabadilishie zamu, au uwape kazi isiyohitaji mteja: kuhesabu mali, kupanga stoo, kuwakumbusha wadeni kwa simu. Anayetegea wakati foleni ipo, huyo mwite, na kwanza muulize analipwaje.

Mwekezaji mdogo naye ana la kutazama. Anaposoma hesabu za mwaka za kampuni, alinganishe gharama za wafanyakazi na mauzo kwa miaka mitatu au minne mfululizo. Mishahara ikipanda huku mauzo yamesimama, atafute maelezo ya uongozi kuhusu uzalishaji: kiwanda kilifanya kazi kwa kiwango gani cha uwezo wake, na kilisimama kwa nini? Kama kilikosa malighafi au umeme, kupunguza watu hakutaongeza gawio. Kampuni itakayotangaza kupunguza wafanyakazi bila kujibu swali hilo, mwenye hisa aitazame mara mbili kabla ya kuongeza fedha zake.